Mtungi wa Machenza

Mimi pombe siitii mdomoni. Marehemu mume wangu alikunywa fungu lake na langu, akalimaliza, kwa hiyo nyumbani kwangu habari hiyo ilishafungwa. Nalisema hili mapema ili usije ukaniuliza kwa nini sikumsaidia jirani yangu, maana alichohitaji ni mtu wa kuonja tu. Lakini hata ningekubali, ningemwambia nini? Kwangu mimi pombe zote zina harufu moja, harufu ya mwanamume anayerudi nyumbani akishika ukuta.

Jirani huyo tunamwita Msasa. Ni fundi wa kung'arisha samani. Seremala akishamaliza kazi yake ya misumari na gundi, kitanda au kabati hupelekwa kwa Msasa, naye hulisugua mpaka ukipitisha kiganja hukwaruziki, kisha hupaka vanishi, husubiri ikauke, husugua tena, hupaka tena. Kazi hiyo ameifanya tangu ujana wake, katika karakana yenye mlango mmoja na isiyo na dirisha, na kazi ikamla pua. Simaanishi pua ya kuonekana. Hiyo ipo, tena si ndogo. Namaanisha hasikii harufu. Ilianza polepole, leo hasikii hiki, kesho hasikii kile, mpaka siku moja chakula kiliungua jikoni naye amekaa palepale anasoma gazeti. Mkewe aliporudi akakuta moshi umetanda nyumba nzima, na huyu bwana anamuuliza mbona unakohoa, umepata mafua?

Mkewe tulimwita Mama Mitungi. Hawakujaliwa mtoto, na mwanamke mwingine angeudhika kuitwa mama wa vyombo, lakini yeye alilipenda jina hilo na aliliitikia kwa sauti. Mitungi yenyewe ilikuwa ya kioo, mipana mdomoni, yenye vifuniko vya kubana kwa waya. Humo ndimo alimotengeneza mvinyo mtamu wa matunda, na nakwambia watu wa ghorofa zote tatu walikuwa wakimsalimia kwa adabu za ajabu kila ilipokaribia siku ya kuchuja.

Namna yao ya kufanya kazi ilikuwa hivi. Matunda ya msimu yakifika sokoni, mke huyachagua moja moja, anayabonyeza, anayanusa kitakoni, anamchosha muuzaji mpaka anaomba poo. Nyumbani mume ndiye mwenye kisu. Mikono yake ilizoea kutoa ukoko mwembamba wa vanishi bila kugusa mbao, kwa hiyo kumenya ganda la chungwa na kuiacha ile nyama nyeupe ya chini kwenye tunda ilikuwa kwake mchezo. Ile nyeupe ndiyo adui, ina uchungu. Ganda na tunda vinaingia mtungini, mke anatia sukari kwa kukadiria na macho, kisha wanajaza pombe kali nyeupe ya dukani mpaka matunda yafunikwe yote, maana likichungulia hata moja, linaoza na kuwaharibia wenzake. Mtungi unafungwa na kuwekwa gizani, chini kabisa ya kabati la nguo. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Msasa anautoa, anautikisa, anaurudisha.

Halafu ndiyo inakuja kazi ya mke. Matunda yakishaanza kupauka, anakuwa anafungua na kunusa, na kumwambia mumewe hali ya mambo. Leo pombe bado inapiga kelele. Leo ganda limetangulia, tunda liko nyuma. Leo naona linakuja, lakini linaona haya. Msasa huwa amesimama hapo na taulo begani, anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa habari za mji ambao hajawahi kufika. Mpaka siku mke anasema tayari. Akishasema tayari, siku hiyohiyo wanachuja, hata kama kuna mgeni, hata kama kuna mvua ya mawe, kwa kuwa ganda likipitiliza kidogo tu linaanza kutoa uchungu, na uchungu ukishaingia hautoki, hata utie gunia zima la sukari. Vitambaa vya kuchujia nilikuwa nawakatia mimi, mabaki ya pamba nyeupe kutoka kwenye cherehani yangu.

Wakishachuja, wanakaa mezani mchana wa Jumapili na vigilasi vidogo, na Msasa anaonja na kusema nzuri. Kila mara nzuri, nzuri sana. Siku moja nilishindwa kujizuia, nikamuuliza wewe umejuaje na pua yako ni ya urembo tu? Mama Mitungi akacheka mpaka akashika ubavu, akaniambia nimwache mwenzangu, pua yake ni mkewe.

Kisha pua hiyo ikaugua.

Ulikuwa ugonjwa wa kumaliza mwili. Sitausimulia, kila mtu ana wa kwake aliyemwona hivyo. Nitasema tu kwamba machenza yaliingia sokoni yeye akiwa kitandani, hawezi tena kusimama, na akataka machenza. Msasa akajua si ya kula. Akanunua, akayaleta, akakaa ukingoni mwa kitanda na kisu chake na sinia magotini, akamenya. Mimi nilikuwepo, nilipeleka mashuka. Mgonjwa amelala ubavu, macho yote kwenye kisu, anamwambia nyembamba zaidi, baba, hapo umechota nyeupe. Msasa akarudia. Sukari akaitia huyu huku yule anahesabu kwa kidole hewani, ongeza, ongeza, basi. Mtungi ulipofungwa mgonjwa akaomba aushike. Haukumkaa mikononi, mumewe ndiye aliyekuwa anaubeba kwa chini.

Mkewe akamwambia, "Usiufungue mpaka nikuambie."

Halikuwa neno la ajabu. Alilisema kwa kila mtungi, kwa kuwa zamani za kale Msasa aliwahi kufungua mmoja kuchungulia, akauacha wazi, akaenda zake kazini. Sote tulicheka. Matunda hayajaanza hata kupauka, yule mwanamke alikata roho.

Sasa unaliona balaa lilipo. Waliozika walirudi makwao, viti vya kukodi vikarudishwa, na ndani ya kabati la nguo, chini ya magauni ya marehemu, ukabaki mtungi ambao alisema usifunguliwe mpaka aseme yeye. Na ukikaa sana utaharibika. Na huyo mume aliyebaki hawezi kujua lini ni lini.

Kuta za jengo letu ni nyembamba, mtu akipiga chafya upande wa pili unasema afya. Kila asubuhi nilisikia mlango wa kabati unalia, halafu mtungi unatikiswa, machenza yanagonga kioo, halafu mlango unafungwa. Baada ya hapo kimya. Zamani hapo ndipo yalipokuwa yanaanza mazungumzo yao, yule anauliza soksi, huyu anajibu ziko pale ulipozitupa. Sasa ni mlango, mtungi, mlango. Nilianza kuchukia asubuhi, nakuambia kweli. Nilikuwa nawasha cherehani mapema, hata kama sina cha kushona, ili nisisikie hicho kimya.

Siku moja nilimpelekea shati nililomtilia vifungo. Mlango ulikuwa wazi, nikaingia nikipiga hodi huku natembea, ndiyo tabia yangu. Nikamkuta amesimama mbele ya kabati, ameshika sweta la mkewe, amelifunika usoni. Aliponiona hakushtuka wala hakuona aibu. Alininyooshea lile sweta, akaniuliza linanuka nini.

Nikalinusa. Nikamwambia linanuka mafuta yake ya nywele, na sabuni kidogo, na kwenye kola kuna yeye mwenyewe.

"Bado yupo?" akauliza.

Nikasema bado. Akalikunja vizuri, akalirudisha. Mimi nikarudi kwangu nikashona mkono wa kushoto wa blauzi upande wa kulia, nikafumua, nikaukosea tena. Watu wote waliofiwa hujifariji kwa kunusa nguo za mtu wao. Huyu hata hilo amenyimwa, inabidi aombe jirani amnusie. Nililia kwa hasira, sijui namkasirikia nani.

Baada ya siku hiyo akaanza kunieleza habari za mtungi. Machenza yalikuwa yamepauka, alisema, ganda limekuwa jeupe na maji yamechukua rangi yote. Macho yanamwambia wakati unakaribia, lakini macho hayasemi siku. Nikamwambia aonje mwenyewe, ulimi si anao? Akanieleza taratibu, kama anavyowaeleza wateja kwa nini vanishi haikaushwi kwa pasi. Ulimi wake unasikia utamu, chumvi, ukali na uchungu, basi. Tunda halikai kwenye ulimi, linakaa kwenye pua. Akisubiri mpaka ulimi umwambie kitu, kitu chenyewe kitakuwa ni uchungu, na hapo mtungi umeshakufa. Halafu tena, aliambiwa asiufungue.

Mlinzi wa jengo letu alisikia, maana mlinzi huyo haibiwi neno, akajitolea kuonja. Akasema yeye ana uzoefu. Hilo hakuna aliyelibishia. Msasa si mjinga, akamjaribu kwanza: alimtilia kwenye kigilasi pombe ya dukani na maji na rangi ya chai. Mlinzi akafumba macho, akazungusha mdomoni, akasema fundi, imeiva kabisa, tunda lote liko humu, nipe nyingine nihakikishe. Tulicheka siku hiyo, mimi na Msasa, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha akaacha kucheka ghafla, akatazama kando kule ambako mkewe alikuwa anakaa. Nami nikasema nimeacha pasi kwenye moto, nikatoka.

Mtu wa kuonja alikuwepo. Kila mtu anayewajua alijua yupo, ila hakuna aliyetaka kumtaja. Marehemu alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja, mwoka mikate upande wa pili wa mji, na dada hao wawili walizaliwa na pua moja. Huyu mdogo tunamwita Kavukavu kwa sababu hivyo ndivyo anavyosema, hana maji ya kulainishia. Ukiwa umenenepa atakuambia umenenepa, na ukiwa umekonda atakuuliza unaumwa nini. Bwana harusi akiwa na sura mbaya, atakuwa wa kwanza kuuliza kama hakukuwa na mwingine.

Kisa kilichowatenganisha ukikisikia utacheka, lakini wao walikaa miaka hawasemezani. Mama Mitungi alifungua mtungi wake mbele ya wageni, jamaa na wakubwa wa kazini kwa mumewe, wakamimina, wakasifu. Kavukavu akaonja, akaweka kigilasi chini, akasema imepita, ina uchungu, umeiacha sana dada. Mbele ya watu. Wageni wakaanza kusikia uchungu ambao hawakuusikia kabla, vigilasi vikashuka mezani kimoja kimoja. Mama Mitungi hakumjibu pale. Walipoondoka wote, akamwambia tangu leo usiweke mdomo wako kwenye mtungi wangu. Na mwingine akaapa hataugusa. Wale wanawake wawili walikuwa na vichwa vigumu kuliko mbao zote alizowahi kuzisugua Msasa. Siku ya mazishi Kavukavu alikuja, akasimama nyuma kabisa na miwani ya jua, akaondoka kabla watu hawajakaa.

Msasa alipiga moyo konde akaenda. Hakuniambia, nilikuja kujua baadaye. Alivaa shati lile nililolitilia vifungo, akavuka mji, akamkuta shemeji yake kwenye tanuri, unga mpaka viwikoni, na wafanyakazi wake wamemzunguka. Akamweleza pale pale kwamba mtungi wa mwisho wa dada yake uko kabatini, na pua iliyobaki duniani ya kuujua ni yake. Kavukavu hakuacha hata kukanda. Alimwambia dada yake alimkataza kuweka mdomo kwenye mitungi yake, na amekufa bila kumruhusu, na yeye si mtu wa kumvunjia marehemu neno lake.

"Rudi nyumbani, shemeji," akamwambia. "Siji."

Wale wafanyakazi wakajifanya wanatazama mikate. Msasa akarudi. Kesho yake asubuhi nikasikia mlango, mtungi, mlango. Na kesho kutwa vilevile. Lakini alianza kutokwenda kazini. Watu wa karakana wakaja kumwulizia, akawaambia kiuno. Nilipompelekea chakula akakila ili niondoke. Ndevu zikaota nyeupe tupu. Siku zikawa zinapita hivyo, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani ni huzuni ya kawaida, ile ambayo watu husema ipe muda.

Nikambana. Nilikalia kiti chake, nikamwambia sitoki hapa mpaka uniambie. Ndipo aliponieleza safari ya kwenye mikate. Alieleza bila lawama, hata akamtetea, akasema shemeji ana haki yake. Halafu akasema jambo lililonitoa machozi mbele yake. Alisema kila asubuhi anapoutikisa mtungi ule anajiambia labda leo ndiyo siku, labda leo ndiyo angesema tayari, na hakuna wa kumwambia, na siku yenyewe inampita huku ameishika mikononi.

Basi mimi nikapandwa na mori. Nilikwenda kwenye mikate vilevile nilivyo, na futi yangu ya kushonea imening'inia shingoni. Sitarudia yote niliyosema, mengine hayaandikiki. Kwa kifupi nilimwambia Kavukavu kwamba yeye ameambiwa asionje, yule ameambiwa asifungue, na aliyewaambia yuko chini ya udongo, kwa hiyo watakaa hivyo wakimtii mpaka kazi yake ya mwisho ioze kabatini, na huo utii sijui ni utii gani. Nilimwambia pia kwamba dada yake alikuwa anahesabu sukari kwa kidole kwa sababu sauti ilikuwa inamwishia. Hapo aliacha kukanda. Alisimama akiitazama mikono yake yenye unga kana kwamba ni ya mtu mwingine. Mimi nikajiondokea.

Jumapili iliyofuata, mchana, Kavukavu akabisha hodi kwa Msasa. Msasa akanigongea ukuta. Hakutaka kukaa naye peke yake, na nadhani yule naye hakutaka. Nikaenda, nikakaa karibu na mlango.

Mtungi ulikuwa mezani. Maji yake yalikuwa na rangi nzito ya machungwa, yanang'aa, na machenza yenyewe yamelala chini yamekwisha, meupe kama vidole vya mtu aliyefua kutwa. Msasa alikuwa amenyoa. Alisogeza mtungi upande wa shemeji yake, akasema yeye aliambiwa asiufungue, kwa hiyo aufungue shemeji. Kavukavu akashika ule waya. Akaushika muda mrefu. Kisha akaubinua, kifuniko kikatoa sauti ndogo, akainamisha uso.

Akaangua kilio. Sijawahi kuona. Mwanamke ambaye hakulia kaburini alilia juu ya mtungi ule kwa mabega, kwa tumbo, hata nikausogeza nisije nikaona machozi yanaingia ndani. Msasa alikaa tu, mikono magotini. Alipotulia kidogo, Kavukavu akapenga kamasi, akainama kunusa, akainuka. Akatikisa kichwa.

"Sisikii kitu," akasema. "Pua imeziba."

Nisamehe, nilicheka. Nilicheka na nikajiziba mdomo. Safari zote hizo, na sasa nyumba nzima haina pua hata moja ya kufaa. Nikataka kwenda kuchemsha chai, Kavukavu akanikataza, chai itamharibia ulimi. Basi tukakaa bila chai, tukingoja kamasi zikauke, watu wazima watatu na mtungi.

Ni katika kungoja huko ndipo Kavukavu alipouliza, akiangalia dirishani, kama dada yake aliwahi kumtaja.

Msasa alifikiri kwanza. Angeweza kumwambia kila siku, lakini naye hana ufundi huo. Alisema kwa jina hakumtaja. Ila tangu ile siku ya wageni, hakuwahi tena kuacha mtungi upite. Kila alipokaribia kusema tayari alikuwa anafungua asubuhi na jioni, analala hana raha, na akishachuja anaonja na kusema haya, na aje sasa aseme. Kila mtungi, miaka yote hiyo, ulikuwa unachujwa kwa ajili ya mtu ambaye hakuja.

Kavukavu hakulia tena. Alikaa na leso mkononi, akiikunja na kuikunjua, na nikaona umri wote umemwingia usoni kwa mara moja. Akaomba kigilasi. Msasa akamletea. Akachota kwa kijiko, akanusa, safari hii polepole, macho yamefumba. Akaonja. Akameza.

Mimi nilikuwa nimekaa upande ambao ananiona. Nilimtolea macho. Nilimwomba kwa nyusi zangu zote, mwambie tayari, mwanamke wewe, hata mara moja maishani mwako danganya. Yule mwanamume alikuwa ameinama mbele, anamtazama mdomo, na sikuwahi kuona mtu akingoja neno kwa namna ile, hata mahakamani. Nikaona Kavukavu amelifikia lile neno. Nikaona amelishika. Kisha akaweka kigilasi mezani.

"Imepita, shemeji," akasema.

Msasa akauliza imepita sana?

"Si sana." Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Siku ile uliyonifuata kwenye mikate. Siku ile ilikuwa tayari."

Nje watoto walikuwa wanapiga mpira kwenye ukuta, unagonga, unarudi, unagonga. Kavukavu alikuwa anangoja atukanwe, amejikaza kisabuni, amenyoosha mgongo. Nami, kusema kweli, tusi nilikuwa nalo tayari.

Msasa akavuta kigilasi kile kile, akakijaza, akakinywa chote. Nikaona uso wake unajikunja, midomo inabanana, macho yanafumba. Akakaa hivyo. Nikadhani ataangusha kichwa mezani. Alipofumbua macho alikuwa na uso ambao sijui niuiteje, uso wa mtu aliyeitwa kwa jina lake barabarani.

"Huu uchungu nausikia," akasema. "Zile nzuri zote alizonipa nilikuwa nasema nzuri kwa sababu yeye amesema. Sikuwahi kusikia hata moja. Hii yake naisikia mwenyewe."

Akamsogezea shemeji yake kigilasi.

"Niongezee," akasema.